Dokta akilazwa, hatua zinarukwa

Chai ya maziwa iliyonywewa saa 11 alfajiri bado imo tumboni saa 3 asubuhi. Kila muuguzi wa chumba cha upasuaji anaijua hesabu hiyo: maji matupu yanaruhusiwa mpaka saa 2 kabla ya dawa ya usingizi, lakini maziwa na chakula chepesi mwisho ni saa 6 kabla. Ndiyo maana mgonjwa wa kawaida huulizwa na kuulizwa tena, wodini, mlangoni na juu ya meza, amekula nini na saa ngapi.

Sasa mgonjwa awe ni bingwa wa upasuaji wa hospitali hiyohiyo, amekuja kurekebishwa ngiri. Sista wa wodini anaona haya kumuuliza mtu aliyemfundisha kuuliza. Wa mlangoni anaamini wa wodini kauliza. Mtaalamu wa usingizi anainamisha kichwa: "Shikamoo Prof. Umefunga, bila shaka?" Prof anaitikia marahaba, na marahaba ile inachukuliwa kuwa jibu la yote mawili. Koo likishalegezwa na dawa, kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuteremkia mapafuni, na ngiri ndogo ikaishia chumba cha wagonjwa mahututi.

Hali ni hiyohiyo kwa orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa 2008. Orodha hiyo inaisimamisha timu mara 3: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Mtu mmoja anasoma kwa sauti jina la mgonjwa, operesheni gani, upande upi, na kama antibayotiki ya kinga imeingia ndani ya dakika 60 zilizopita. Aliyelala mezani akiwa mkuu wa idara, kulisoma jina lake kwa sauti kunaonekana mzaha. "Si tunamjua!" Wanamjua kweli, sura, watoto wake na gari lake. Ngiri iko kulia au kushoto ni jambo jingine.

Mtaani watu wanaamini kwamba daktari akiugua anapata tiba ambayo sisi wengine hatuipati. Kuna ukweli ndani yake: hapangi foleni, na bingwa anamjia mwenyewe. Lakini ukifuatilia kinachotokea kitandani, unakuta ana wataalamu wengi na utaratibu mchache. Hatua zilizowekwa ili mtu aliyechoka asisahau, au mwenye haya asiruke, ndizo za kwanza kuondolewa kwa jina la heshima. Mwaka 1964 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Walter Weintraub, aliandika kuhusu wagonjwa wenye vyeo wanaolazwa hospitalini na akaipa hali hiyo jina, sindromu ya VIP: wahudumu wanaiacha njia yao ya kawaida ya kazi, na matibabu yanaharibika. Tofauti ya daktari na waziri ni kwamba waziri anakubali kuwa hajui. Daktari anajua vya kutosha kuingilia dripu yake mwenyewe.

Mambo huanza kuharibika muda mrefu kabla ya kitanda. Homa ikimshika jioni ya zamu, kipimo cha haraka cha malaria ni tone moja la damu na dakika 15 hadi 20 za kusubiri. Anakiruka. Anachukua dawa ya mseto: vidonge 4 papo hapo, 4 baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zaidi, jumla 24. Siku ya pili homa imeshuka, na vile 8 vya mwisho vinabaki mfukoni mwa koti. Angemkuta mgonjwa wake amefanya hivyo angemsomea mstari kwa mstari. Na kama homa ile haikuwa malaria kabisa, siku mbili zimekwisha kupotea.

Kikohozi ni kibaya zaidi, kwa sababu hapo dawa yenyewe inadanganya. Kila mgonjwa mwenye kikohozi cha wiki 2 na zaidi huulizwa maswali ya kifua kikuu na kutoa makohozi. Daktari huanza na levofloksasini, antibayotiki ya jumla aliyopewa na rafiki yake wa famasi, kwa kuwa ni vidonge 5 au 7 na mambo yameisha. Dawa hiyo inawapiga vimelea wa TB bila kuwamaliza. Kikohozi kinapoa, makohozi yakipimwa wiki hiyo yanaweza kutoka safi, uzito unaendelea kushuka polepole, na mwezi mmoja au miwili inapita kabla mtu hajasema neno TB. Wakati wote huo anapiga raundi wodini. Vimelea waliobaki nao wanaizoea dawa ambayo ingehitajika siku TB sugu ikitokea. Mtu anayeandika "anza na makohozi, acha antibayotiki za jumla" kwenye faili za wengine ndiye anayejifanyia hivi.

Halafu kuna ushauri wa korido. Dokta anamkamata mwenzake kati ya wodi mbili, ananyoosha mkono, presha inapimwa wamesimama, wanaongea, mkanda umefungwa juu ya nguo. Kipimo halali kinataka mtu akae dakika 5, mgongo umeegemea, mkono uko usawa wa moyo, hakuna maongezi, na kipimwe tena baada ya dakika moja au mbili. Namba iliyotoka koridoni haina maana, lakini ndiyo itakayoanzisha dawa ya maisha au kumtuliza mtu asiyepaswa kutulia. Haikuandikwa popote. Hakuna aliyeuliza kuhusu figo, sukari, wala diklofenaki anazomeza kwa ajili ya mgongo, na ambazo zenyewe hupandisha presha. Hakuna tarehe ya kurudi. Picha ya kipele cha mtoto inayotumwa kwa WhatsApp ni korido hiyohiyo, ila imehamia kwenye simu.

Taaluma yenyewe ililiona hili zamani. Kanuni za kwanza za maadili za Chama cha Madaktari cha Marekani, za 1847, zilisema daktari aliyeugua kwa kawaida si hakimu mzuri wa ugonjwa wake mwenyewe, na kwamba wasiwasi anaoupata mke au mtoto wake anapougua humtia woga na kumfanya asite. Baraza la madaktari la Uingereza leo linataka daktari aepuke kujiandikia dawa yeye au mtu wake wa karibu kadiri inavyowezekana. Mganga hajigangi, wazee wetu walishamaliza. Kigumu ni kumpata wa kumganga ambaye hatamwogopa.

Sehemu ambayo hofu na heshima zinakutana waziwazi ni kujichoma sindano. Kwa mtu asiye na kinga, sindano yenye damu ya mwenye homa ya ini B humwambukiza kwa uwezekano wa asilimia 6 hadi 30. Homa ya ini C haizidi asilimia 2. VVU karibu asilimia 0.3. Kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu anazijua namba hizi. Hatua nazo zinajulikana: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue kidonda, usimwagie jiki, toa taarifa, andikisha tukio, mgonjwa aliyechomwa kwa sindano ile apimwe kwa ridhaa yake, wewe upimwe siku hiyohiyo, na dawa za kinga za PEP zianze ndani ya saa chache, mwisho kabisa saa 72, kwa siku 28.

Kinachotokea ni kwamba daktari anampigia simu rafiki yake wa CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, na kuletewa vidonge kwenye bahasha. Hataki kupimwa pale, kwa sababu anayechukua damu anamjua, anayesoma majibu anamjua, na daftari linakaa mezani. Siku ya 8 kichefuchefu kinamshinda anaacha, na hakuna wa kumuuliza kwa kuwa hakuna anayejua kwamba alianza. Madhara ya njia hii ni mawili. Dozi haikukamilika. Na kama baada ya miezi 3 akikutwa na maambukizi, hana kipimo cha siku ya tukio cha kuonyesha kwamba siku ile alikuwa salama, wala fomu ya tukio. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipia magonjwa yatokanayo na kazi, lakini kazi lazima ionekane kwenye karatasi. Kwa homa ya ini B hata hakukuwa na haja ya kufika huko: chanjo ni dozi 3, mwanzo, mwezi 1 na mwezi wa 6, kisha kupima kinga mwezi mmoja au miwili baadaye na kuona kama imefika angalau 10 mIU/mL. Dozi ya tatu ndiyo husahaulika, kwa sababu huangukia wakati mwanafunzi ameshahama kituo, na kipimo cha kinga ndicho ambacho karibu hakiulizwi.

Ukitaka kuona haya zinavyofanya kazi saa kwa saa, angalia daktari wa kike akija kujifungua hospitalini kwake. Mama mwingine njia ikifunguka sentimita 5, partografu, karatasi ya kufuatilia uchungu, inafunguliwa: mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, uchungu kila nusu saa, njia kila saa 4. Mwenzetu anapewa chumba cha pembeni, pazuri, mlango umefungwa. Mkunga anagonga na kuuliza kama yuko sawa. Anajibu yuko sawa. Kumpima njia kila mtu anamwachia mwingine: aliye chini yake anaona aibu, aliye sawa naye anaona ni kumvunjia heshima, na mkubwa yuko njiani anakuja. Yeye mwenyewe anahesabu uchungu wake kwa simu na kuamua kwamba bado. Saa 6 zimepita, karatasi ina mistari miwili, na uamuzi wa upasuaji ambao ungechukuliwa saa 8 usiku kwa mtu yeyote unachukuliwa saa 11, mtoto ameshachoka. Haya hayatokei kwa uzembe. Kila aliyehusika alikuwa mpole kuliko siku zote.

Upole huohuo hufuta maelezo. Daktari wa mifupa akigunduliwa kisukari anaandikiwa insulini na kuambiwa "unajua mwenyewe, Dokta." Hajui. Mara ya mwisho kuishika kalamu ya insulini alikuwa daktari mtarajali. Hajui kama ya leo inachanganywa au haichanganywi, achome paja au tumbo, akiwa na zamu ya usiku ale saa ngapi. Wala hawezi kuuliza, kwa kuwa kuuliza ni kukiri. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni hivyohivyo: nani wa kumwambia profesa wa upasuaji asimeze aspirini? Nje ya fani yake kila bingwa ni mwanagenzi, na mwanagenzi mwenye cheo ni mgumu kufundishika. Dawa ya hili ni rahisi hata kuchekesha: mweleze kama ungemweleza mwalimu wa sekondari, mtu msomi asiye wa fani, halafu mwambie akurudishie kwa maneno yake atakavyoitumia.

Na yapo maswali yanayokufa kabisa. Pombe kiasi gani. Usingizi. Diazepamu ya kulalia ilianza lini. Kipimo cha VVU. Kwa mwanaume wa miaka 55 anayeamka mara 4 usiku kukojoa, kuchunguzwa tezi dume kwa kidole, ambako wenzake wataagiza vipimo vya damu na picha mpaka vya gharama mradi kidole kisitajwe.

Wapo watakaosema heshima ndiyo stahili yake, mtu aliyeitoa afya yake kwa ajili ya wengine. Kwa kweli deni lipo. Hospitali ya Lacor, Gulu, Uganda, imewazika wawili wanaotosha kulieleza: Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Canada aliyepata VVU akiwa kazini, akagunduliwa 1985 na kufariki 1996, na Matthew Lukwiya, aliyeisimamia hospitali hiyo kwenye mlipuko wa Ebola wa 2000, akaambukizwa na kufariki tarehe 5 Desemba mwaka huohuo, akihudumiwa na timu yake mwenyewe. Lukwiya aliambukizwa usiku alipokimbilia kumsaidia muuguzi aliyekuwa anavuja damu, amevaa kinga zote ila miwani. Mwaka 2022 Ebola iliporudi Uganda, mmoja wa waliokufa alikuwa daktari Mtanzania aliyekuwa masomoni huko. Lakini deni halilipwi kwa kuruka hatua, na kisa kinachoonyesha jinsi jambo hili lilivyo gumu ni cha Sierra Leone.

Sheik Humarr Khan alikuwa bingwa wa homa ya Lassa pale Kenema, na 2014 ndiye aliyekuwa mbele kwenye Ebola. Alipougua mwezi Julai alipelekwa kituo cha Kailahun, kilichoendeshwa na Madaktari Wasio na Mipaka. Kituoni hapo palikuwa na dozi za ZMapp, dawa iliyokuwa haijawahi kujaribiwa kwa binadamu. Madaktari wenzake walijadiliana apewe au asipewe. Upande mmoja: ni Khan, na anakufa. Upande wa pili: akifia kwenye dawa, watu ambao tayari walikuwa wanavikimbia vituo watasema madaktari wa kigeni wamemuua shujaa wao, na kwa nini yeye apate ilhali waliolala pembeni yake hawapati? Waliamua asipewe. Alifariki tarehe 29 Julai. Siku chache baadaye Wamarekani wawili walioambukizwa Liberia walipewa dawa hiyo, na wote wawili wakapona, ingawa hakuna awezaye kusema ni dawa ndiyo iliyowaponya.

Mjadala wa kama walikosea umechukua kurasa nyingi. Ninachoona mimi ni kitu kidogo zaidi. Kwa taarifa zilizotoka baadaye, yule ambaye pengine ndiye aliyekuwa na uwezo mkubwa kuliko wote wa kupima hatari ya dawa ile hakuulizwa. Kwenye fomu ya ridhaa ya mgonjwa yeyote, hatua ya kwanza ni kumweleza kilichopo na kisichojulikana. Wenzake waliubeba uzito wote wa jina lake, hofu ya nchi na aibu ya upendeleo, na hatua hiyo ikapotea. Angeweza kuikataa dawa. Angeweza kuikubali. Swali lilikuwa lake.

Kwa hiyo anayemtibu daktari mwenzake afanye nini? Kwanza awe mmoja. Jina lake liandikwe juu ya faili, na bingwa mwingine yeyote akija kusalimia aseme ushauri wake kwa huyo, si kwa mgonjwa. Kitanda chenye maprofesa wanne hakina daktari. Asitoke idara ya mgonjwa, wala asiwe mtu ambaye mgonjwa ndiye anayemjazia tathmini ya kazi mwisho wa mwaka. Mkutano wa kwanza uanze kwa sentensi iliyo wazi: "Hapa mimi ndiye daktari wako, nitakuuliza yote kama ninavyowauliza wengine, na utaniambia unachodhani unaumwa nami nitasikiliza." Kipande cha mwisho ni muhimu. Daktari mgonjwa daima amekuja na utambuzi wake kichwani, na usipoutoa mezani mapema atautibu kisirisiri.

Historia ichukuliwe upya, hata kama amekuja na muhtasari alioandika mwenyewe, tena hasa kama amekuja nao. Muuguzi aambiwe mbele ya mgonjwa kwamba chati ya dawa haiguswi na mtu mwingine. Kanula aiweke anayeziweka kila siku. Mkuu wa idara ambaye hajatafuta mshipa kwa miaka 10 atatoboa mara 4 kwa nia njema. Orodha ya walioruhusiwa kusoma faili iwe fupi. Kwenye mfumo wa kompyuta kila anayefungua faili huacha alama ya jina na saa, na alama hizo zinafaa kutazamwa kila wiki mgonjwa akiwa mtumishi, kwa kuwa mwenye udadisi hajifichi anapojua hakuna anayeangalia. Pasipokuwa na siri mtu atakwenda mji wa pili, atalipa taslimu na kutoa jina la mjomba, na matibabu yake yatavunjika vipande ambavyo hakuna atakayeviunga.

Kwa magonjwa ya akili na uraibu hilo la siri ndilo kila kitu. Mtaalamu wa usingizi anashika pethidini na ketamini kila siku. Akianza kujichoma, anayemwona wa kwanza ni msaidizi wake, ambaye naye anajua kwamba neno moja litamgharimu mtu leseni. Basi ananyamaza. Barcelona ilianzisha programu maalumu ya madaktari wagonjwa mwaka 1998, na London ikafuata na yake mwaka 2008: mlango ulio nje ya hospitali ya mtu, unaompokea bila kwanza kumpeleka kwenye baraza, isipokuwa wagonjwa wake wakiwa hatarini. Gharama kubwa hapo haiko kwenye jengo. Iko kwenye makubaliano kati ya baraza na chama cha madaktari kuhusu kipi kitaripotiwa na kipi hakitaripotiwa, yaandikwe kabla mgonjwa wa kwanza hajafika.

Fedha nayo ina lake. Desturi ya kutomlipisha daktari mwenzio ni nzuri na ya zamani, ila inapomaanisha kutofungua faili inakuwa hasara. Apitie mapokezi, kadi ya bima ipigwe, vipimo viingie kwa namba yake. Ukitaka kumsamehe ada yako, msamehe ikiwa imeandikwa.

Linabaki suala la ED, karatasi ya kumpumzisha mgonjwa kazini. Asijiandikie, wala asiandikiwe na mtarajali aliye chini yake ambaye atauliza "Dokta, nikupe siku ngapi?" Siku ziamuliwe na anayemtibu, kwa ugonjwa ulivyo, na mwenye TB asirudi wodini mpaka anayemtibu aseme haambukizi tena. Na kabla hajaondoka, jina la atakayeshika zamu zake liwe limeandikwa kwenye ratiba ya ukutani. Nafasi ikiachwa wazi, simu ya saa 9 usiku itapigwa kwake, naye ataipokea, atakohoa kidogo, kisha atauliza mgonjwa ana presha ngapi.